Damu Yatuambia Nini Juu ya Upande wa Kulia wa Moyo?

Viongozi wa vikundi, tafadhalini andikeni ubaoni maneno haya matatu: moyo, mapafu, protini. Tutayahitaji yote matatu.

Somo letu la leo lahusu ugonjwa ambao watu wengi huukosea jina. Mtu hupanda kilima kidogo akahema kana kwamba amekimbia maili nzima. Jirani humwambia, "Hiyo ni pumu." Mwingine husema, "Umri umekwenda." Mama mjamzito huambiwa kuwa ni mimba tu. Yuko na yule atakayesema kuwa mtu huyo amefanyiwa jambo na watu. Mara nyingine jirani hukisia sawasawa, na ni pumu kweli. Lakini mara nyingine mtu huyo ana shinikizo kubwa la damu ndani ya mishipa ya mapafu, na upande wa kulia wa moyo wake unachoka siku kwa siku pasipo yeye kujua.

Leo twataka kujua jinsi damu kidogo tu, iliyotolewa mkononi kwa sindano, iwezavyo kutoa habari za uchovu huo. Tena twataka kujua mambo ambayo damu hiyo haiwezi kutuambia. Mambo haya mawili yana uzito sawa.

PAMPU MBILI

Tuanze na moyo wenyewe. Twasema "moyo" kana kwamba ni pampu moja, lakini kwa kweli ni pampu mbili zilizoshikamana. Pampu ya kushoto husukuma damu kwenda mwili mzima, kichwani hadi vidoleni. Pampu ya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini, ikaisukuma kwenda mapafuni kuchukua hewa safi.

Safari ya kwenda mapafuni ni fupi na njia yake ni laini. Kwa hiyo pampu ya kulia haihitaji nguvu nyingi, na ukuta wake ni mwembamba kuliko ule wa kushoto. Mkononi mwa mtu mzima mwenye afya, presha huwa karibu na 120 kwa 80. Katika mshipa mkubwa wa mapafu, wastani wa presha ni kama milimita 14 za zebaki tu. Kwa miaka mingi, tangu mkutano wa Geneva wa mwaka 1973, madaktari walisema ni ugonjwa iwapo wastani huo umefika 25. Mwaka 2018, katika mkutano wa Nice, Ufaransa, wataalamu walipendekeza kipimo kishushwe. Siku hizi wastani ukipita 20 huhesabiwa kuwa umezidi.

Angalia jambo hili vizuri, ndugu msikilizaji. Kile kitambaa cha kupimia presha kinachofungwa mkononi hakipimi presha ya mapafu hata kidogo. Mtu aweza kupimwa mkono, akaambiwa presha yake ni nzuri, akarudi nyumbani amefurahi, huku presha ya mapafu yake iko juu sana. Kwa kuipima hasa, daktari hupitisha mpira mwembamba, uitwao katheta, ndani ya mshipa hadi upande wa kulia wa moyo. Mtu wa kwanza kuandika habari ya jambo kama hilo kwa mwili wake mwenyewe alikuwa Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, mwaka 1929. Mwaka 1956 yeye na wenzake wawili, Cournand na Richards, walipewa Tuzo ya Nobel. Kipimo hicho ndicho cha hakika, lakini kinahitaji hospitali kubwa na madaktari waliofundishwa kazi hiyo. Hakiwezi kufanywa kila mwezi. Ndiyo maana kipimo cha damu kina faida.

MSUKUMA MKOKOTENI

Sasa tuchukue mfano. Fikiri juu ya msukuma mkokoteni aliyezoea barabara ya tambarare. Mzigo wake ni wa kiasi, na kazi yake haimchoshi. Siku moja barabara ile yageuka kilima. Atafanya nini? Kwanza atakaza misuli. Akifanya hivyo kila siku, mikono yake itanenepa. Lakini kilima kikizidi kuwa kirefu, atatoka jasho jingi, mwendo utapungua, na mwisho mkokoteni utaanza kumrudisha nyuma.

Ndivyo ulivyo upande wa kulia wa moyo. Mishipa ya mapafu ikikazana au ikiziba, njia ya tambarare imegeuka kilima. Ukuta wa chumba cha chini cha kulia hunenepa kwanza, kisha hutanuka, mwisho hulegea. Damu iliyotakiwa kupita hurundikana nyuma yake: mishipa ya shingo hujaa, ini huvimba, na miguu hufura.

Na jasho je? Moyo nao una jasho lake. Ukuta wa moyo ukivutwa na kutanuliwa, chembe zake hutengeneza protini na kuimwaga katika damu. Protini hiyo yaitwa BNP. Kama vile jasho lipozavyo mwili wa msukumaji, BNP nayo ina kazi yake: hufungua mishipa kidogo, na huziambia figo zitoe chumvi na maji ili mzigo wa moyo upungue. Ni njia ya moyo kujisaidia. Nasi tukiipima katika maabara, twapata habari ya taabu ya moyo huo.

ILIVYOGUNDULIWA

Zamani watu walidhani moyo ni pampu na hakuna zaidi. Mwaka 1981 Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Kingston, Kanada, alieleza jambo la ajabu pamoja na wenzake. Walichukua maji yaliyokamuliwa katika vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine. Panya wale wakakojoa sana, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi. Basi ikajulikana kwamba moyo hutuma ujumbe kwa figo.

Mwaka 1988 wataalamu wa Japani walipata protini ya jamaa hiyo katika ubongo wa nguruwe, ndiyo sababu jina lake la Kiingereza lina neno la ubongo. Baadaye ikaonekana kuwa kwa binadamu hutoka hasa katika vyumba vya chini vya moyo. Jina halikubadilishwa.

Sasa sikilizeni sehemu hii kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Moyo hutengeneza kwanza mnyororo mmoja wa pete 108. Mnyororo huo hukatwa vipande viwili. Kipande kifupi, chenye pete 32, ndicho BNP yenyewe ifanyayo kazi. Kipande kirefu, chenye pete 76, huitwa NT-proBNP, nacho hakina kazi hiyo. Vyote viwili huingia katika damu, na maabara yaweza kupima hiki au kile. Lakini havikai katika damu muda sawa. Nusu ya BNP hutoweka katika dakika 20 hivi, na kile kipande kirefu hukaa zaidi. Kwa hiyo hesabu zake hazilingani, na haifai kulinganisha namba ya kipimo kimoja na namba ya kingine.

Tuone mfano. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa moyo na wa mapafu wa Ulaya vilitoa mwongozo kwa ajili ya wagonjwa ambao mishipa ya mapafu yenyewe ndiyo yenye ugonjwa. Katika mwongozo huo, mgonjwa mwenye NT-proBNP chini ya nanogramu 300 kwa lita yuko upande wa hatari ndogo. Akipita 1,100, yuko upande wa hatari kubwa. Kwa BNP, hatari ndogo ni chini ya 50, na hatari kubwa ni zaidi ya 800. Basi tuseme karatasi imeandikwa 250. Ikiwa ni NT-proBNP, mgonjwa yuko mahali pazuri. Ikiwa ni BNP, amekwisha kupita hatari ndogo kwa mbali. Namba ni ile ile, habari ni tofauti kabisa. Walakini usishtuke ukiona karatasi moja imeandikwa nanogramu kwa lita na nyingine pikogramu kwa mililita. Vipimo hivyo viwili ni sawasawa, havibadili namba.

NAMBA MOJA, HABARI MBILI

Nitawapa mfano wa watu wawili. Si watu wa kweli. Nimewatunga kwa ajili ya somo. Wa kwanza tumwite Bibi Zuhura, muuza dagaa, umri wake miaka 32. Kwa mwaka mzima alitumia dawa ya pumu isimfae. Miguu ilipoanza kuvimba, alipelekwa hospitali ya rufaa, na baada ya vipimo vyote ikaonekana mishipa ya mapafu yenyewe imekazana. NT-proBNP yake ilikuwa 1,400. Alipewa dawa. Baada ya miezi mitatu ikawa 900. Baada ya miezi mingine mitatu ikawa 620.

Wa pili tumwite Bwana Saidi, fundi seremala, mwenye ugonjwa wa namna ile ile. Mwaka jana namba yake ilikuwa 180. Kisha ikawa 340. Juma hili ni 620.

Sasa waweke watu hawa wawili mbele ya daktari mgeni, kila mmoja na karatasi yake ya juma hili tu. Daktari ataona 620 na 620. Atafikiri hali zao ni moja. Kumbe Bibi Zuhura anashuka kilima, na Bwana Saidi anakipanda! Bibi Zuhura yafaa aendelee na dawa zinazomsaidia. Bwana Saidi yafaa achunguzwe upesi: je, dawa zimemwishia? Je, ameacha kuzimeza? Je, pana jambo jipya?

Ni nini kilichofaa kumwonyesha daktari tofauti hiyo? Ni karatasi za zamani. Karatasi ile ndogo ya maabara, ambayo sisi wengi hufungia sukari au kuisahau katika mfuko wa shati hata ikafuliwa, ndiyo yenye nusu ya habari. Ndugu zangu, nawaombeni sana, mtunze karatasi hizo. Ziwekeni pamoja katika bahasha au daftari, kila moja na tarehe yake na jina la kipimo. Mkihama mji, ziende nanyi. Mkiweza, mpimwe katika maabara ile ile kwa kipimo kile kile. Lakini msifadhaike kwa mabadiliko madogo. Kutoka 620 hadi 600 si habari kubwa, maana namba hiyo hupanda na kushuka kidogo yenyewe.

JASHO HALITAJI MZIGO

Sasa tuje kwenye mambo ambayo damu haiwezi kutuambia. Ukimwona msukuma mkokoteni anatoka jasho, wajua kuwa anataabika. Lakini jasho halikuambii amebeba saruji au ndizi, wala kama tatizo ni mzigo, kilima, au homa aliyo nayo.

Hali kadhalika BNP. Kwanza, haisemi ni upande gani wa moyo unaotaabika. Upande wa kushoto ukichoka, namba hupanda vile vile. Pili, hupanda kwa uzee, kwa ugonjwa wa figo, na kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpango. Tatu, kwa watu wanene sana namba huwa ndogo kuliko inavyotazamiwa. Nne, mwanzoni mwa ugonjwa yaweza kuwa nzuri ingawa ugonjwa upo. Basi namba nzuri peke yake si ruhusa ya kulala usingizi ikiwa pumzi yako bado fupi.

Ndiyo maana madaktari hawatumii namba hiyo peke yake. Hukuuliza kazi gani zinakuchosha. Hukupa dakika sita utembee, wakapima umbali. Katika mwongozo ule wa Ulaya, mtu apitaye mita 440 anahesabiwa vizuri, na asiyefika 165 yuko katika hatari kubwa. Tena huutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho hospitalini hukiita eko. Zahanati nyingi hazina kipimo cha BNP, lakini kutazama miguu, kutazama shingo, kusikiliza kifua na kuuliza maswali mazuri hakuhitaji mashine kubwa. Hapo ndipo safari ya kupelekwa hospitali kubwa ianzapo.

Ipo protini ya pili ambayo huenda ukaiona katika karatasi, nayo ni troponini. Hii si jasho. Ni sehemu ya msuli wenyewe wa moyo, huusaidia kujikaza na kulegea. Ikionekana nyingi katika damu, maana yake chembe za msuli zimeumia, kama kiganja cha msukumaji kilichochubuka. Donge la damu likiziba ghafula mshipa wa mapafu, madaktari huweza kupima protini hizi ili wajue moyo umeumia kiasi gani. Lakini wewe usingoje karatasi. Mtu akikatika pumzi ghafula, akaumwa kifua, akazimia, au mguu mmoja ukavimba na kuuma kisha pumzi ikawa fupi, apelekwe hospitali saa ile ile.

CHANZO NI NINI?

Vyanzo vya shinikizo la mapafu ni vingi. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa wagonjwa katika nchi nne za Afrika, nazo ni Kameruni, Msumbiji, Nijeria na Afrika Kusini. Zaidi ya nusu ya watu wazima waliochunguzwa walikuwa na ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo. Upande wa kushoto ukishindwa, damu hurudi nyuma mapafuni, na upande wa kulia hulipia deni lisilo lake. Miongoni mwa magonjwa hayo umo ule wa valvu uanzao utotoni kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa vizuri.

Vyanzo vingine ni magonjwa ya mapafu, pamoja na yale yaletwayo na tumbaku na moshi wa jikoni wa miaka mingi; madonge ya damu; virusi vya UKIMWI; selimundu; na kichocho cha tumbo, ambacho wenzetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria wanakijua sana. Mayai ya kichocho hudhuru ini kwanza, na kwa watu wengine hufika hata mapafuni.

Kila chanzo kina dawa yake. Mwenye madonge huhitaji dawa za kuzuia damu isigande, na wengine hupasuliwa. Mwenye valvu mbovu huhitaji kutibiwa valvu. Dawa za kufungua mishipa ya mapafu, kama sildenafili, ni kwa wale ambao madaktari wameona zinawafaa. Mwenye ugonjwa wa upande wa kushoto huenda zikamdhuru. Basi usimwazime jirani vidonge vyako kwa sababu tu naye anahema, wala usiazime vyake.

Neno la mwisho ni kwa akina mama na waume zao. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu, mimba ni hatari kubwa kwa maisha yake, na madaktari humshauri asishike mimba. Si jambo jepesi kulisema wala kulisikia, hasa kwa kijana anayetamani mtoto. Lakini ni heri lizungumzwe mapema, mume na mke wakiwa pamoja mbele ya daktari, kuliko kujulikana siku ya uchungu. Na mjamzito ambaye pumzi yake yazidi kuwa fupi hata akiwa amekaa kitako, au anayezimia, asiambiwe tu kwamba ni mimba. Apimwe.

Basi tukumbuke mambo matatu. Kitambaa cha mkononi hakipimi presha ya mapafu. Protini katika damu yaonyesha taabu ya moyo, haitaji chanzo. Na namba moja ni habari nusu. Namba mbili au tatu za mtu yule yule, zilizotunzwa, ndizo zionyeshazo kama anapanda kilima au anashuka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ukuta wa kulia wa moyo ni mwembamba kuliko wa kushoto?
2. Mtu ana BNP 250, mwingine ana NT-proBNP 250. Je, twaweza kusema hali zao ni sawa? Elezeni.
3. Rudieni mfano wa Bibi Zuhura na Bwana Saidi. Kama Bwana Saidi angepoteza karatasi zake mbili za kwanza, daktari angekosa kujua nini?
4. Katika kijiji au mtaa wenu, karatasi za hospitali huwekwa wapi? Kila mtu aseme la kwake, kisha mpatane njia moja ya kuzitunza.

Viongozi, lipeni swali la nne muda mrefu kuliko mengine.